Ngozi ya mume wangu ilibambuka baada ya dawa, na sasa nyumba nzima inaogopa vidonge

SWALI

Bi Daktari, assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Wete, Pemba. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu tumefika pahala ambapo sijui nimsikilize nani, na kila aliyenizidi umri ana neno lake.

Mume wangu ni seremala, na kwa muda mrefu akisumbuliwa na jongo la kidole gumba cha mguu. Mwishoni mwa Ramadhani maumivu yalimzidi, akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vyeupe vilivyofungwa katika karatasi, akaambiwa ameze kimoja kila siku na asiache hata akipata nafuu. Karatasi haikuandikwa jina la dawa, ila kila kidonge kimechorwa namba 300. Alivitumia kiasi cha wiki tatu bila ya tatizo lolote. Kisha siku moja alirudi kazini akiwa na homa, macho mekundu na koo linamuuma. Usiku ule nilimpa panadoli mbili, na asubuhi yake tukamnunulia amoksilini, vile vidonge vya ganda la rangi mbili, kwa ajili ya koo. Siku iliyofuata midomo ilivimba na kupasuka, akatokwa na madoa ya zambarau kifuani, na kabla ya wiki kumalizika ngozi ya mgongo na mapaja ikawa inabambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Wapo waliosema ni husda na wapo waliosema ni shetani, na siku mbili zilipotea akisomewa na kupakwa liwa kabla ya kufikishwa hospitali. Alilazwa zaidi ya mwezi. Alhamdulillahi alipona, na karatasi aliyotoka nayo inasema alipata ugonjwa wa Stevens-Johnson uliosababishwa na dawa. Dawa yenyewe haikutajwa, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuweza kueleza alikuwa akitumia nini.

Mama mkwe wangu anaamini kuwa amoksilini ndiyo iliyotaka kumuua mwanawe, maana ndiyo aliyoimeza mwisho, na tangu hapo amepiga marufuku dawa zote za hospitali ndani ya nyumba. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, ana kifafa. Huu ni mwaka wa pili anatumia kabamazepini, na ilikuwa karibu mwaka mzima hajaanguka. Bibi yake amezificha dawa zake, akisema mtoto amerithi damu ya baba yake. Juzi usiku ameanguka. Sitaki kumvunjia heshima mkwe wangu, kwani alimuuguza mume wangu pamoja nami usiku na mchana, lakini moyo wangu hautulii.

Jambo jengine ni kuwa mume wangu amebakiwa na madoa meusi na meupe mwilini, na watu wanamtisha kuwa yatageuka saratani ya ngozi. Macho nayo yanamwasha na hawezi kutazama mwangaza wa jua. Vidonge vyake vya jongo vilivyobaki nimeviweka kabatini. Shemegi yangu, ambaye ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, naye ana jongo, ameniomba nimpe yeye visipotee bure, na nimemwambia aje kuvichukua Ijumaa.

Naomba unieleze ni dawa ipi iliyomdhuru mume wangu, mwanangu aendelee na dawa yake au aache, na haya madoa ni ya kuogopwa au la.

Mama wa watatu, Wete

JIBU

Wa alaykumus-salaam, mwanangu, na poleni nyote kwa mtihani uliokupateni.

Nitaanza na jambo ulilolitaja mwishoni kama la kupita, kwa sababu ndilo linalonitia khofu kuliko yote uliyoyaandika. Shemegi yako asipewe vidonge vile, Ijumaa wala siku nyengine yoyote, hata akikuona mchoyo. Vitie katika chombo kinachofungika, andika juu yake kuwa visimezwe, viweke mbali na watoto, lakini usivitupe, kwani ndivyo ushahidi pekee mliobaki nao. Kwa maelezo yako, hivyo ndivyo ninavyovishuku, kuliko panadoli na kuliko amoksilini. Dawa ambayo mwenye jongo huambiwa ameze kila siku bila ya kuacha, hata maumivu yakipoa, mara nyingi huwa ni alopurinoli, inayopunguza asidi ya yuriki katika damu, na vidonge vyake vya miligramu 300 ni vya kawaida. Namba hiyo peke yake haithibitishi kitu, maana zipo dawa nyengine zenye namba hiyo hiyo. Kwa hiyo chukua kidonge kimoja, nenda na mtu mzima mwenye busara hadi duka lile, na mumuulize muuzaji kwa upole alitoa dawa gani. Msiende kwa ugomvi. Muuzaji aliyetishwa atakana, nanyi mtarudi bila ya jina, na jina ndilo tunalolihitaji. Ikishindikana hapo, kipelekeni kidonge kwa mfamasia wa hospitali.

La pili lisilongoja ni mtoto. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mara nyengine mtoto huanguka mfululizo bila ya kuzindukana, hali ambayo huweza kumuua au kumdhuru ubongo. Na hata anguko moja fupi, likimkuta kisimani, pwani au karibu na jiko la kuni, linatosha. Mpeleke kliniki yake leo ukiweza, na kama si leo basi kesho asubuhi, ukiwa na dawa zake mkononi na hesabu ya siku alizozikosa. Usimrejeshee mwenyewe dozi kamili kama kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu aliyekaa siku nyingi bila ya kabamazepini mara nyengine huanzishwa tena kwa kiasi kidogo kinachopandishwa taratibu, na uamuzi huo ni wa daktari baada ya kumuona. Waeleze pia yaliyompata baba yake, na uwaoneshe ile karatasi ya hospitali.

Sasa nikueleze kwa nini nasema hivi, ilhali sitaki kukuficha kuwa kabamazepini yenyewe imo katika orodha ya dawa zinazojulikana kuleta ugonjwa uliompata mume wako. Orodha hiyo si ndefu. Wamo alopurinoli, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini, dawa za jamii ya salfa kama septrini na ile Fansidar iliyokuwa ikitumika sana kwa malaria, nevirapini katika dawa za VVU, na baadhi ya dawa za maumivu kama piroksikamu. Lakini ugonjwa huu una kawaida yake ya wakati. Hauji saa ile mtu alipomeza kidonge cha kwanza, na ni nadra sana kumjia aliyekwishaizoea dawa kwa mwaka au miaka. Mara nyingi huanza kati ya siku ya nne na ya 28 tangu dawa kuanzwa, na baada ya wiki nane za matumizi ya mfululizo hatari hupungua mno. Mwanao amekuwa akitumia kabamazepini kwa zaidi ya mwaka na ngozi yake ni salama. Mlango ule wa hatari alikwishaupita. Mume wako, kwa upande mwengine, aliugua katika wiki ya tatu ya vidonge vya jongo, wakati ambao madaktari wa ngozi wanaushuku kuliko wote.

Hapa ndipo mama mkwe wako alipoteleza, na si yeye peke yake, kwani hata watafiti waliwahi kusumbuliwa na kosa hili hili. Ugonjwa wa Stevens-Johnson hutanguliwa na siku moja hadi tatu za homa, uchovu, macho kuwasha na koo kuuma, kabla ngozi haijaonesha kitu. Mgonjwa au jamaa zake hudhani ni mafua au malaria, humpa panadoli, humpa dawa ya koo, na kesho yake madoa yanapotoka, lawama huiangukia dawa ya mwisho, kumbe dawa hiyo ililetwa na ugonjwa uliokwishaanza. Mume wako hakuugua kwa sababu ya kumeza amoksilini. Alimeza amoksilini kwa sababu alikuwa ameshaanza kuugua. Watafiti wa Ulaya waliofuatilia wagonjwa wa aina hii katika nchi kadhaa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, waliikuta alopurinoli ikiongoza kwa kusababisha ugonjwa huu katika nchi zile, huku panadoli ikiwa ngumu kuihukumu kwa sababu hiyo hiyo niliyoieleza. Hata hivyo, mpaka jina lithibitishwe na daktari atoe hukumu yake, mume wako asiguse dawa yoyote kati ya hizo alizozitumia katika wiki zile, isipokuwa ile ambayo daktari ataiondolea shaka kwa maandishi.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, walieleza habari za watoto wawili wa kiume waliotokwa na vipele, wakaungua midomo na macho. Na mwaka 1956 Alan Lyell wa Scotland akaeleza juu ya wagonjwa wanne ambao ngozi yao ilitoka mithili ya walioungua kwa maji ya moto, maneno yale yale uliyoyatumia wewe bila ya kumsoma. Leo yanahesabiwa kuwa ni ugonjwa mmoja wenye daraja: ngozi iliyobambuka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili huitwa Stevens-Johnson, ikizidi asilimia 30 hupewa jina jengine lenye kutisha zaidi, na katikati yake ni mchanganyiko. Katika daraja ya chini hufariki kama mmoja katika kumi au pungufu, na katika daraja ya juu hufariki karibu mmoja katika watatu, hata penye hospitali nzuri. Ni ugonjwa wa nadra, wagonjwa wachache tu kwa kila watu milioni moja katika mwaka, na ndiyo maana majirani zako hawakuwahi kuuona wakaenda kuutafutia sababu kwa shetani.

Siwalaumu waliomsomea. Kisomo na hospitali havigombani, na sisi tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa tujitibu. Ninachosikitikia ni zile siku mbili, si kwa sababu ya kisomo, bali kwa sababu huenda vidonge vya jongo viliendelea kumezwa huku ngozi ikitoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa, kwa dawa zisizokaa sana mwilini, kila siku moja ya kuwahi kuiacha dawa iliyosababisha ilipunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 30. Kwa hivyo, mtu aliyeanza dawa mpya ndani ya miezi miwili, akapata homa pamoja na vidonda vya mdomo, macho mekundu na ngozi inayouma badala ya kuwasha tu, au madoa ya zambarau na malengelenge, aache dawa hiyo papo hapo na apelekwe hospitali siku ile ile, na vidonge vyote alivyotumia viende naye katika mfuko. Ninasema dawa mpya. Mwenye kifafa, presha au kisukari asiachishwe dawa zake za siku zote kwa kipele tu. Apelekwe haraka, na daktari ndiye atakayepambanua ipi iachwe na ipi ibadilishwe.

Mkwe wako amesema mtoto amerithi damu ya baba yake, na hapa ningependa umsomee sehemu hii ya barua yangu, kwa sababu nusu ya maneno yake ni ya kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwachunguza wagonjwa 44 wa asili ya Kichina waliobambuka kwa kabamazepini, wakakuta wote wana alama moja ya kurithi katika kinga ya mwili, inayoandikwa HLA-B*15:02. Mwaka uliofuata wakawachunguza 51 walioumizwa na alopurinoli, nao wote walikuwa na alama nyengine, HLA-B*58:01. Kwa hiyo urithi upo, lakini kila dawa ina alama yake. Alama ya alopurinoli haimfanyi mtoto adhurike na kabamazepini, na ile ya kabamazepini inapatikana zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki, na ni nadra sana kwa Waafrika. Ya alopurinoli ni tofauti: kwetu Waafrika ipo, na ndiyo maana miongozo ya Marekani ya mwaka 2020 inapendekeza Wamarekani weusi wapimwe alama hiyo kabla ya kuanzishiwa dawa.

Huko Taiwan hawakuishia kujua. Waliwapima watu 4,877 kabla ya kuwapa kabamazepini, wenye alama wakapewa dawa nyengine, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 hakuna hata mmoja aliyepata Stevens-Johnson. Wakafanya hivyo tena kwa alopurinoli kwa watu 2,926, na mwaka 2015 jibu likawa lile lile, hakuna aliyeumia. Kipimo hicho usikitarajie katika hospitali ya wilaya Pemba, lakini maana yake kwenu ni nyepesi kuifuata. Ikiwa mume wako anayo alama ya alopurinoli, ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu au zaidi wa kuwa nayo, na kila mmoja wa watoto wako vilevile. Kwa hiyo nadhani sasa unaelewa kwa nini nimeanza na Ijumaa. Jongo nalo mara nyingi hufuata ukoo, na hivyo watu wale wale wanaoweza kudhuriwa na dawa hii ndio wanaoelekea kuihitaji. Shemegi yako aende kwa daktari, aeleze habari ya kaka yake, apimwe figo na asidi ya yuriki, atibiwe kwa njia nyengine. Wakati akingoja, maji mengi, na kupunguza maini, nyama nyekundu na dagaa kutamsaidia kidogo, ingawa najua kumwambia Mpemba apunguze dagaa ni kutafuta ubaya.

Nisieleweke kuwa alopurinoli ni sumu. Inatumika tangu miaka ya 1960, na walioivumbua, Gertrude Elion na George Hitchings, walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 1988 kwa kazi zao za dawa. Mamilioni wameitumia wakatembea kwa raha. Lakini inatakiwa ianzwe kwa kiasi kidogo, miligramu 100 au pungufu, ipandishwe polepole, na figo zichunguzwe kwanza. Kuanza na 300 tangu siku ya kwanza, bila ya kipimo, bila ya jina juu ya karatasi na bila ya kuambiwa dalili za hatari, ni jambo nisilolikubali hata kidogo. Na hili, mwanangu, ndilo ningelitaka mkwe wako aligombee. Badala ya kuzuia dawa zote zisiingie nyumbani, azuie dawa isiyo na jina. Yeye ana sauti na nyinyi nyote mnamheshimu; akisema kuanzia leo hakiingii kidonge kisichoandikwa jina, kipimo na tarehe, atakuwa ameilinda nyumba yake kuliko kuficha dawa za mjukuu. Mchukue mkafuatane naye kliniki ya mtoto, umpe kiti mbele, na umuombe daktari azungumze naye kwanza. Mzee aliyeuguza ngozi inayobambuka hapaswi kuambiwa kuwa khofu yake ni ujinga. Watu wa kanda hii waliwahi kuwa na khofu hiyo wakawa kwenye haki: ilikuwapo dawa ya kifua kikuu iitwayo tayasetazoni, na mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Nairobi wakachapisha kuwa ilikuwa ikiwababua vibaya wagonjwa wenye VVU, hata Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe.

Kuhusu saratani, mtoe mume wako wasiwasi. Madoa aliyobaki nayo ni rangi ya ngozi iliyovurugika baada ya kuungua kwa tabaka la juu. Meusi ni rangi iliyozidi, meupe ni rangi iliyopotea. Hayageuki saratani. Yatafifia kwa miezi, mengine kwa miaka, na jua kali huyakoleza, kwa hivyo kofia pana, kanzu au shati la mikono mirefu na kufanyia kazi kivulini kutamsaidia. Mafuta laini yasiyo na manukato yanatosha. Msimpake mkorogo wala krimu yoyote ya kung'arisha, kwani baadhi yake zina zebaki au dawa kali za steroidi, na ngozi yake bado ni changa. Kucha zikiwa zimetoka, mara nyingi huota tena.

Saratani ya ngozi ina pahala pake pa kuitafuta, na si katika madoa hayo. Kwa wenzetu wenye ualbino huletwa na jua, na hutokea usoni, masikioni, shingoni na midomoni, tena wakiwa vijana. Ndiyo maana hospitali ya KCMC ya Moshi hutengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hupenda kuota katika kidonda au kovu la zamani lisilofunga, au, kwa ile aina mbaya iitwayo melanoma, katika nyayo, viganja na chini ya ukucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, ugonjwa wake ulianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Basi mume wako akiwa na kidonda kisichofunga kwa miezi, au doa jeusi la wayo au la ukucha linalopanuka, hapo aende akaonwe. Akiwa na madoa tu ya mgongoni na mapajani, asikose usingizi.

Ipo hata hivyo nasaba baina ya maradhi haya mawili, nayo inaeleza vizuri kilichompata. Katika Stevens-Johnson, seli T za kinga ya mwili, ambazo kazi yao ni kuua seli zilizoharibika, hudanganywa na dawa zikaiona ngozi nzima kuwa ni adui. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan waligundua kuwa maji ya malengelenge ya wagonjwa hawa yamejaa granulisini, kemikali ambayo seli hizo huitoa kuulia. Tiba mpya za melanoma, ambazo msingi wake uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Nobeli ya mwaka 2018, hufanya kazi kwa kuziachia seli T hizo hizo ziishambulie saratani, na mara chache wanaotibiwa hivyo hupata mabambuko yanayofanana na ya mume wako. Kwa upande wa kuzituliza, mwaka 2024 watafiti walioongozwa kutoka Ujerumani walichapisha habari za wagonjwa saba waliopewa dawa zinazozuia njia ya seli iitwayo JAK, wote wakapona. Saba ni wachache, na bado ni mapema kuiita tiba, lakini kwa ugonjwa ambao kwa miaka mingi haukuwa na zaidi ya kuacha dawa, kufunika ngozi, kutia maji mwilini na kuomba, ni habari njema.

Jambo ambalo hukuliuliza sana, nami nataka ulitilie mkazo, ni macho. Ngozi ya mume wako itapona. Macho ndiyo yanayoweza kumharibikia kimyakimya baada ya kila mtu kudhani mambo yamekwisha. Ugonjwa huu huacha macho makavu, kope zinazogeukia ndani na kukwaruza mboni, na utando unaogandisha kope na jicho, na hayo yakiachwa huleta upofu. Kuwasha na kushindwa kutazama mwangaza ni dalili zake. Aende kwa daktari wa macho ndani ya wiki hii, asingoje maumivu yazidi, na akiambiwa apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa uchunguzi zaidi, asikatae kwa sababu ya nauli ya boti. Asitie jichoni asali, maji ya majani wala dawa ya macho iliyobaki kwa jirani. Na kama anapata taabu ya kumeza au ya kwenda haja ndogo, amwambie daktari bila ya haya, kwa sababu vidonda vya sehemu hizo navyo huweza kuacha makovu.

Mkishapata jina la dawa, mwambieni daktari aliandike kwenye kitabu chake cha hospitali kwa wino mwekundu, pamoja na maneno "Stevens-Johnson" na mwaka, na mume wako atembee na nakala yake ndogo mfukoni. Nakala nyengine apewe ndugu yake, na nyengine iwekwe katika kadi ya kila mtoto. Muombeni daktari huyo huyo atoe taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao kazi yao ni pamoja na kupokea habari za madhara ya dawa. Kidonge kimoja muwachie yeye, na vilivyobaki mumkabidhi mfamasia wa hospitali aviteketeze. Kisha uniandikie tena unieleze jina lililopatikana na mtoto anaendeleaje, na mkwe wako mfikishie salamu zangu.